Zamu ya Vyombo

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Kaka ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kumlaani fundi aliyezijenga, nikajua umepona. Baba naye mpe shikamoo yake. Sisi huku hatujambo, ila paa la jikoni linavuja palepale juu ya jiko, utadhani limeelekezwa.

Mama, nyumba yetu ya zamani nimeikumbuka mno. Jana nilimimina mchele kwenye ungo ili nitoe mawe, mara nikajiona nina miaka minane, nimekaa kwenye mlango wa uani. Ulitugawia kazi kama kamanda: Kaka maji na kufagia, mimi mchele na kukunja nguo. Hakuna aliyesamehewa, hata kwa zile homa za uongo alizokuwa bingwa nazo Kaka. Na nilivyojiona mkubwa! Watoto wa jirani wakiniita kucheza, nawabinulia mdomo, nawaambia nina kazi.

Unaikumbuka siku ya lile jiwe? Mikono yangu ilikuwa kwenye ungo, macho yangu yalikuwa kwa wenzangu waliokuwa wakiruka kamba. Mchana Baba akatafuna, tukasikia kah! Akatema kipande cha jino kiganjani. Nilitamani ardhi inimeze. Nikangoja fimbo, haikuja. Nikangoja uninyang'anye ungo, hukuninyang'anya. Ulisema tu kwamba kesho nitachambua tena, ila nikae penye mwanga. Kesho yake Baba, shavu limemvimba, aliula ule wali mbele yangu bila kuuchungulia hata mara moja. Nililia nyuma ya mlango kwa furaha. Tangu siku ile sijaogopa kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika barua iliyopita nilikulalamikia kwamba somo yako, huyu mjukuu anayeringia jina lako, amekuwa mvivu, hashiki ufagio wala kikombe. Ukanijibu kwamba wenye jina lako hawajawahi kuwa wavivu, nichunguze upande wa baba yake. Nilicheka sana. Mume wangu hakucheka.

Juzi mwalimu wake akaniita. Alisema alimpa madaftari awagawie wenzake, mtoto akaficha mikono nyuma, akaomba achaguliwe mwingine kwa sababu yeye huangusha vitu. Mtoto wa miaka tisa! Nilitoka pale bila hata kumuaga, maana nilijua maneno hayo aliyasikia kwa nani.

Ni mimi, Mama. Sikukuandikia ukweli. Somo yako si mvivu. Vyombo vilikuwa zamu yake na alivipenda. Alipanda kwenye kigoda, akiimba, akimwaga maji mpaka sebuleni. Miezi miwili iliyopita akavunja bakuli la kioo nililopewa siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimerudi kazini nimechoka. Nikamvuta mkono nikamshusha pale kigodani, nikamwambia kila anachoshika anaangusha, asiguse tena kitu changu. Siku hizi anaomba ruhusa hata ya kujimiminia maji ya kunywa. Niliona haya kukueleza hayo, nikaona afadhali niandike uvivu. Nisamehe.

Leo baada ya chakula cha mchana nimemwomba radhi yeye pia, nikamwambia vyombo ni vyake. Akakataa. Nikamwambia hata sahani zote zikiisha, tutakula kwenye sufuria. Aliniangalia sana, kisha akaenda kuvuta kigoda. Ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu hivi: yuko jikoni peke yake, nami nimeapa siinuki kwenye kiti hiki mpaka amalize. Mwandiko ukiuona umepinda, usiulize.

Mnisalimie Kaka, wifi na watoto wote. Mwambie Baba miwani yake nimeipata, nitaituma wiki hii.

Mama, kuna kitu kimeanguka sasa hivi. Kimevunjika, tena si kidogo. Nimemuuliza nikiwa hapahapa kitini kama amejikata. Amejibu kwamba hajaumia, na kwamba nisije, atafagia mwenyewe.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako