Kuku Aliyeitwa Ntumba

Jumatatu, 15 Machi

Kazini kama kawaida. Depo ya mgodi haina kitu, rafu ni tupu, lakini karani hukaa mezani mpaka kengele ilie. Nimekaa. Nimechonga penseli mbili ambazo sina cha kuandikia.

Nimerudi nyumbani Dilala nimechoka kwa kutofanya chochote. Binti yangu Kapinga alikuwa barazani na swali lake lilelile: mnyama wake yuko wapi? Alipougua surua nilimwahidi, ukipona nitakupa mnyama wako mwenyewe. Amepona. Ana miaka mitano na hasahau kitu. Nimejitakia mwenyewe.

Jumatano, 17 Machi

Nimelifikiria jambo hili kikarani. Mnyama wa kwanza wa mtoto awe mpole, asigombee chakula chetu, na mtoto aweze kumtunza peke yake. Mke wangu, Mama Kapinga, ana mimba ya miezi minane. Hawezi kuinama.

Mbwa, hapana. Anakula kama mtu mzima, na siku hizi sitaki kelele kwenye lupango, ua wetu. Tena majirani wanaohama wamewaachilia mbwa wao, wamejaa barabarani. Paka, mke wangu hamtaki ndani, na mwanamke mwenye mimba habishiwi. Sungura tulikwenda kumwona kwa jirani, akamparua mtoto mkono. Njiwa hashikiki, na mtoto wa umri huu anataka kushika.

Amebaki kuku. Kuku hujitafutia, hulala mapema, haumi. Ningeanza naye ningepumzika.

Jumamosi, 20 Machi

Ilunga ameleta kuku ndani ya kikapu. Tumefanya kazi pamoja depo miaka kumi na moja. Kuku ni jike, mwekundu, kishingo, shingo haina manyoya. Mbaya wa sura, mpole kabisa.

Ilunga ni wa kaskazini ya Katanga, mwenyeji. Sisi asili yetu Kasai. Mimi nilizaliwa hapahapa, baba yangu ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Zamani jambo hili halikuwa na haja ya kuandikwa. Siku hizi wenyeji wanatuambia turudi Kasai. Ilunga hakuingia. Aliweka kikapu mlangoni, akatazama barabara, akaondoka. Simlaumu. Hapana, namlaumu kidogo.

Kapinga nimemfundisha: maji safi kila asubuhi, mkono chini ya kifua unapombeba, usimkimbize. Amesikiliza kuliko vibarua wangu wote.

Jumapili, 21 Machi

Nimefanya upumbavu. Baada ya misa nilijilaza, Kapinga akaja kuuliza kama kuku aitwe Ntumba. Nilikuwa nusu usingizini. Nikasema sawa.

Ntumba ni marehemu mama yangu. Kwetu anayebeba jina la mama yako ni mama yako. Humtumi, humpigi, humpandishii sauti. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamtazama kuku. "Tata Kapinga," akaniambia, "ule kuku hatutamukula tena."

Kweli. Jioni nilikutana naye mlangoni, nikajikuta nimempisha.

Jumatano, 24 Machi

Getini wamesoma orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Jina langu halimo. Ilunga alikuwa ndani ya geti, anatazama viatu vyake.

Nimerudi nyumbani na kusema tusubiri barua. Mtu hafukuzwi kazi bila barua, nimeandika barua za namna hiyo mwenyewe. Mke wangu alikuwa ameshafunga nguo kwenye masanduku.

Ijumaa, 26 Machi

Hakuna barua. Wamekuja vijana, mchana kweupe, na fimbo na panga. Baadhi yao nawajua tangu wadogo. Tumetoka na godoro, sufuria, masanduku mawili na kikapu cha kuku.

Mmoja aliuliza kikapuni kuna nini. Kapinga akajibu, "Ni kaku." Yaani bibi. Wakacheka, wakatuacha tupite.

Sasa tuko stesheni, pamoja na watu wote wa asili yetu.

Alhamisi, 1 Aprili

Treni ya Kasai haijafika. Tunalala chini, kati ya mizigo. Mvua imetunyeshea mara mbili. Bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, ikipatikana.

Kuku amefungwa mguu kwa utepe wa nywele za Kapinga. Mtoto anamwokotea punje za mahindi kati ya reli, anamnywesha kwa kiganja. Tangu tufike, hicho tu ndicho kinachomchekesha.

Watu wanamtazama kuku. Mimi pia. Namtazama kwa njaa, na asubuhi namwamkia kwa heshima. Yote mawili ni aibu.

Jumanne, 6 Aprili

Mke wangu amejifungua alfajiri, wanawake wamemzungushia vitenge. Msichana. Damu ilitoka nyingi. Mkunga anasema asipopata supu ya nyama leo au kesho, hatanyanyuka, wala maziwa hayatatoka.

Nimezunguka stesheni nzima. Hakuna aliye na nyama. Mimi ninayo.

Nimechukua kisu mara mbili na kukiendea kikapu mara mbili. Mkono umekataa. Si huruma kwa Kapinga, afadhali ingekuwa hivyo. Nilimwona mama yangu. Mwanamume mzima, mke wake amelala pale mdomo mweupe, naye anaogopa kuku. Nimejidharau leo kuliko siku waliponitoa nyumbani.

Jumatano, 7 Aprili

Kapinga aliniona jana. Sikujua.

Leo asubuhi amefungua utepe, akakaa na kuku mapajani muda mrefu. Kisha akaniambia, "Tata, ni mi njo nilimupa jina. Mi namutosha." Yaani anamvua jina. Akamnong'oneza kuku kitu sikioni. Akaenda kwa mdogo wake, akamwekea mkono kichwani. "Ntumba njo huyu," yaani ndiye.

Akaniletea kuku, mkono chini ya kifua. "Sasa ni kuku tu," akasema.

Sijui kama desturi inaruhusu mtoto kuondoa jina. Wazee wangebishana wiki nzima. Mimi sikubishana. Nilichinja nyuma ya mabehewa mabovu, ambako hakuna anayeona. Mama Kapinga amekunywa mabakuli mawili, jioni akaomba la tatu. Kapinga tulimpa bawa. Alikula lote.

Jumatatu, 12 Aprili

Tumo ndani ya behewa la mizigo. Tumeondoka saa nne asubuhi. Sikutazama nyuma, nilikuwa natafuta mahali pa kuegemeza godoro.

Mama Kapinga anaketi mwenyewe. Maziwa yanatoka. Mtoto tunamwita Ntumba, nami namwita mama, ananyonya na kupiga chafya.

Kapinga hajaomba mnyama mwingine. Hajaomba chochote siku tano. Anabeba maji, anakunja vitambaa vya mtoto, anawapisha watu. Wanawake wanamsifu. Mimi sipendi.

Mchana alikuja kusimama mbele yangu. "Tata, mi niko mukubwa sasa?"

Nikamwambia hapana, bado mdogo. Mdogo sana.

Akanitazama kuona kama nasema kweli. Kisha akapanda mapajani pangu na kulia, kwa mara ya kwanza. Nimemwacha alie.