Vigae vya Babu Vyote Vipo

Nyumbani kwa Bibi Mwatima,
Chake Chake, Pemba.
8 Oktoba 1959

Mpendwa dada yangu Mwanawema,

Kabla hujakaa kitako, jua kwamba barua hii umeandikiwa na fundi. Si kibarua wa kukoroga udongo, fundi. Kuanzia Konde mpaka Wambaa hakuna mwashi anayenifikia kwa mkono, na hao wa Unguja wanaojisifia majumba yao, siku wakiniona nimeshika mwiko watarudi shuleni. Ukisikia huko Tanga watu wanazungumza habari za kijana mmoja wa Pemba aliyefufua choo cha miaka thelathini bila ya kuvunja kigae, usiulize jina lake. Unalijua. Ndiye uliyekuwa ukimfinya masikio.

Haya, sasa salamu. Assalaamu alaykum. Hujambo dada? Shemeji Ngwali naye hajambo, au bado anakohoa kama mbuzi aliyepaliwa? Na Masika wangu ameshaota meno? Mwambie mjomba wake anayo thelathini na mbili na yote mazima. Mimi, alhamdulillahi, afya ninayo ya kumgaia mtu. Nimerefuka, mabega yamepanuka, kanzu uliyoniletea Idi iliyopita imenibana kwapani, kwa hiyo Idi ijayo unajua la kufanya.

Bibi mwili wake mzima. Habari zake nyengine ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Ami Kificho anakuja Jumapili na gari ya Konde kumchukua. Hamchukui kwa matembezi, anamhamishia kwake moja kwa moja. Nyumba itafungwa, na mimi nitakwenda kulala kwa Fundi Mabruki. Anasema Bibi akili zimemruka na hawezi kuachwa na mtoto. Mtoto ndiye mimi. Bibi aliyetulea tangu baba na mama walipotangulia anapakiwa garini kama gunia la karafuu, na wewe ndiyo kwanza unaisoma habari yake baina ya chai na mkate wa kumimina. Usilie bado. Soma.

Mambo yalianza na barua yako ya mwezi wa Mei. Uliandika, kwa hati yako ile ya kujidai, kwamba unataka kuja na wakwe zako lakini choo chetu kinakutia haya. Birika la maji lililojengewa pembeni linavuja, kuta zimeota ukungu, shimo lenyewe la tangu zama za babu. Na ukaongeza kwamba kile kigae cha sakafuni ulichokimega wewe, siku ile ulipoangusha sufuria ya shaba ukiwa na miaka kumi, kitupwe kabisa, hutaki kukiona tena. Nilicheka sana. Mwanamke ana mume na mtoto, na bado anaogopa kigae.

Ami akasomewa barua, akakubali. Akaleta bomba, saruji mifuko mitatu na choo cha kuvuta mnyororo. Fundi Mabruki alikuwa na kazi Wete, akaniachia mimi kila kitu. Hakuniachia kwa kukosa mtu, dada. Ananijua.

Bibi hakutaka. Alikuwa amekaa ukumbini anatafuna tambuu yake, akaniita.

"Jaribu."

"Naam, Bibi."

"Vile vigae kaviweka babu yenu kwa mkono wake. Kisitoke hata kimoja nyumbani humu. Na kila kimoja kirudi pake."

"Lakini Bibi, vimekaa ovyo. Kijani pembeni ya manjano, manjano pembeni ya buluu, kama kanga tatu kazishona mlevi."

"Kwani mimi naviona?"

"Huvioni."

"Basi uzuri wako kampelekee mwenye macho. Vyangu virudi palepale."

"Naam, Bibi."

Na kweli vilikaa ovyo. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia, kwamba babu alikuwa kibarua kwenye jumba la tajiri mmoja, kazi ilipokwisha akapewa mabaki ya vigae, kidogo kutoka kila chumba. Akavibeba kwa mkokoteni mpaka hapa, akavipanga kama vilivyotoka mikononi. Mia na kumi na mbili. Bibi hesabu hiyo anaitaja kama anayetaja umri wa wanawe.

Na unakumbuka tulivyokuwa tukimvizia? Macho yake yameondoka mwaka wa sita huu, lakini chooni alikuwa akiingia peke yake, hashiki ukuta, hanyooshi mkono. Hatua zake chache, mkono uko kwenye kata, maji yanamwagika. Tulimtegea kiti siku moja mlangoni, akakizunguka, akatuambia, "Nyinyi wenye macho ndio mnaojikwaa." Majisifu yangu unayoyalaumu nimeyarithi kwake, si kwengine.

Sasa nikusimulie kazi. Kigae cha zamani hakipigwi, kinabembelezwa. Unatia tindo chini ya ukingo wake, unagonga kidogo, unasikiliza; kikilia tupu, kimekubali. Nilikaa siku nne nimepiga magoti kama mtu anayeomba toba. Nilivitoa vyote bila ya kuvunja kimoja. Sawa, viwili vilipata ufa, lakini ufa si kuvunjika. Nikavisugua kwa majivu na ndimu, nikaviosha, nikavianika uani. Dada, zile rangi! Kumbe miaka yote tulikuwa tukikanyaga uchafu juu ya rangi. Kijani kama embe bichi, manjano kama kiini cha yai, buluu sikuwahi kuiona ila kwenye shuka ya bibi harusi.

Nikapitisha bomba chini. Birika nikaliziba, likakaa palepale lilipokuwa. Choo kipya nikakiweka palepale pa shimo la zamani, na nikahakikisha mtu akichutama haelekei kibla wala hakipi mgongo, maana najua wako ambao wangekuja kuliangalia hilo kwanza. Kuta nikazipiga chokaa. Sakafu nikailaza kwa pima maji, ukimwaga kata moja hapo mlangoni maji yanakwenda yenyewe mpaka kwenye tundu kama yaliyoitwa.

Mtaa mzima ukaja kutazama. Bi Mwanakhamis, jirani yetu, alivuta mnyororo mara tano, kila mara anasema "Subhanallah." Halafu akasema, "Jaribu, humu mtu atahamishia kitanda." Mimi nimesimama mlangoni nimekunja mikono kama bwana mkubwa. Siku hiyo, wallahi, nilikuwa mrefu kuliko mlango.

Ndipo Bibi akaingia.

Alikawia. Alipotoka kanga imerowa mpaka magotini na paji la uso limepata wekundu. Akasema, "Leo mmenipeleka chooni kwa nani?" Tukacheka sote, na yeye akacheka. Siku ya pili akajipiga kwenye bomba. Siku ya tatu akachutama kwenye ukingo wa birika akidhani ni choo, na Bi Mwanakhamis ndiye aliyemkuta. Unajua mdomo wa Bi Mwanakhamis. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imeshafika Gombani na kurudi.

Baada ya hapo akaacha kwenda peke yake. Anakaa ukumbini, anangoja mtu apite amshike mkono. Bibi Mwatima, anangoja! Na siku moja nimerudi kazini nikamkuta chumbani kwake anapiga viganja ukutani, anatayamamu. Maji ya bomba yako hatua kumi kutoka alipokaa, mimi mwenyewe nimeyaleta, na yeye anatawadha kwa vumbi. Nilimuuliza, "Bibi, vipi?" Akanijibu, "Sitaki kusumbua watu."

Jumapili iliyopita Ami Kificho akaja. Ameshapelekewa maneno. Akakaa mbele yake kama karani.

"Mama, leo siku gani?"

"Siku ya mtoto kumtahini mama yake. Nadhani mnaiita Jumapili."

"Na mimi nani?"

"Kificho. Jina nilikupa mimi, naweza na kukuvua."

Nilicheka mpaka Ami akanikata jicho. Bi Mwanakhamis naye, kaalikwa na nani sijui, akasema pole pole, "Lakini chooni ndiko kwenye shida." Ami akamwambia Bibi, "Basi inuka, mama, uende, tukuone."

Akainuka. Akajifunga kanga yake vizuri, kichwa juu, kama anayekwenda kupokea bwana harusi. Akaingia, sisi tumesimama mlangoni. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu akasita. Nikauona mguu wake, dada. Ule mguu ulikuwa unapapasa sakafu kwa kidole gumba, hapa, pale, unatafuta kitu. Akanyoosha mkono kulia asikute kitu, akageuka, akakutana na ukuta.

"Kile kilichomegeka hakipo," akasema.

"Kipi, mama?"

"Kigae. Nikishakikanyaga, birika liko kulia na shimo liko mbele yangu. Hakipo."

Ami akanigeukia mimi. "Umekitoa?"

"Sikutoa kitu, Ami. Vigae vya babu vyote vipo. Vihesabu."

Akachutama akahesabu, kanzu kaikunja. Mia na kumi na mbili. Bibi akauliza akiwa kule ukutani, "Jaribu, umekirudisha pake?"

"Kila kimoja kimerudi pake, Bibi."

"Na kilichomegeka mbona kipo, mama," Ami akasema. "Nakiona."

"Unakiona?"

"Nakiona kwa macho yangu mawili."

Bibi akaacha kupapasa. Halafu akasema, "Basi ni mimi." Akanyoosha mkono ashikwe, na tangu hapo hajabishana tena na Ami wala na mtu yeyote.

Hicho ndicho kinachonila. Angetukana, angalau. Sasa kila kitu anaulizia. Anauliza kama ameshasali adhuhuri. Anauliza kama mchuzi ameshautia chumvi, na kijiko anacho mkononi. Juzi ametaja jina la mama yetu, akanigeukia, "Ndivyo alivyoitwa, siyo?" Kanga zake ameshazikunja, mbili kakuwekea wewe. Bi Mwanakhamis kapewa chano cha shaba cha kupakulia wali, na kakipokea. Anapita akikitingisha.

Mtaa huu sina hamu nao. Walewale waliovuta mnyororo ndio wanaotikisa vichwa. Ami naye miaka sita hakulala usiku mmoja hapa, leo amekuwa mtoto mwema. Na wewe, dada, unisamehe, lakini barua ya choo uliiandika kurasa mbili na habari za Bibi ulizitia mstari mmoja chini. Nimekwambia. Ukitaka kunifinya, njoo unifinye.

Meli ya kuichukua barua hii ni Jumanne. Ami anakuja Jumapili. Hesabu hiyo nimeipiga kabla sijashika kalamu.

Nisalimie Shemeji Ngwali, mwambie anywe tangawizi. Mbusu Masika mashavu yote mawili. Fundi Mabruki anakusalimu, na Bibi anakusalimu. Amesema nikwambie hana kinyongo na wewe kwa lolote. Mwenyezi Mungu awalinde na mabaya ya nje na ya ndani ya nyumba.

Hapa nilitaka kutia jina langu nifunge, lakini mkono umekataa.

Fundi Mabruki aliniambia niandike namba kwa mkaa nyuma ya kila kigae kabla sijakitoa. Nikaanza. Nilipofika kumi na saba nikaona hii ni kazi ya watoto wa darasa la kwanza, nikaacha. Vilipokauka uani nikavipanga kwa jicho langu: kijani pembezoni pote, manjano katikati, buluu mlangoni. Vilipendeza, dada. Mtu akiingia anaduwaa. Na kile chako sikukitupa, kwa kuwa Bibi alisema kisitoke, lakini sikutaka ukija ukione. Nimekitia nyuma ya mlango, nusu chini ya mtungi. Zamani kilikuwa hatua ya tatu kutoka kizingitini. Ami alipokiona, alikiona nyuma ya mlango, na hakujua kwamba hapo si pake. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega.

Bibi hana kasoro kichwani. Mguu wake haukukosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyeivunja njia yake, kisha nikamwachia aamini kwamba kilichovunjika ni yeye.

Jana aliniita, akanishika mkono. Akasema, "Mjukuu wangu, nilikutilia shaka siku ile mbele ya watu. Nisamehe."

Nikamwambia nimeshamsamehe.

Ni mimi nduguyo, akupendaye hata ukinichukia,
Jaribu