Bega la Kushoto

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima, nimenenepa hata. Chumba tunakaa wawili, mimi na mpishi mmoja anayekoroma kama jenereta. Kazini huku ughaibuni nabeba mashuka ya hospitali yaliyolowa maji. Bosi ananiita Winchi. Mwambie mama mazoezi sijaacha. Badala ya vile vyuma vyetu vya makopo ya saruji, tulivyokuwa tukinyanyua uani baba akituhesabia, hapa nimepata vya kweli kwa mtu aliyehama.

Barua yako nimeipata. Umesema jeneza lilikuwa jepesi, na upande wangu, mbele kushoto, alishika fundi baiskeli. Nishukurie fundi huyo. Unakumbuka nilivyokuwa nikimtania baba kwamba najijenga ili nije nimbebe? Akacheka: "Basi nitakula sana, nikutoe jasho."

Kibali cha kusafiri kuja kuzika walininyima.

Jumapili nilifunga pamoja vyuma vya kilo arobaini na tisa, uzito wa mwisho wa baba ulionitajia. Nikaviweka bega la kushoto, nikawa nazunguka chumba. Mpishi akaniuliza mbona sivishushi na bega linatoka damu.

Nikamwambia makaburini bado mbali.

Mdogo wako.