Lenzi Haikupasuka

Tata, baba na fundi wangu,

Naogopa. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia nisingekusumbua huko uliko, lakini kazi hii umenifundisha wewe, na kosa langu limeangukia nyumbani kwako.

Tangu tukuzike, mashine yako ya kupima usawa wa ardhi ninayo mimi. Mama alinikabidhi mwenyewe, akasema, "Ndaga, mwanangu, itunze." Kwenye boksi bado naweka kifuko cha mchele mkavu ili lenzi zisiote ukungu. Ulikuwa ukinitania kwamba mashine inakula wali kuliko mimi.

Mwezi uliopita wenyeji wa Bujonde waliniita niwapimie tuta la mto, walinyanyue kabla ya mvua. Njiani, pale Busale, bodaboda iliteleza, boksi likaanguka. Nililifungua pale pale barabarani. Lenzi haikupasuka. Nikachungulia, nikaona migomba ya ng'ambo safi kabisa, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari. Nilisahau vile vipande vya kioo vinavyoning'inia ndani kwenye nyaya nyembamba, vinavyonyoosha mstari wa kuonea. Vikisogea, picha inabaki safi na kipimo kinadanganya.

Hata hivyo, ningesimama katikati ya vigingi ulivyonizoesha, kosa la upande huu lingefutwa na la upande ule. Katikati palikuwa na tope hadi magotini. Nikasimama mwanzo wa tuta, pakavu, nikapima kote kutokea pale. Uvivu tu, tata. Sina la kujitetea.

Watu wamebeba udongo wiki mbili wakifuata vigingi vyangu. Jana ndipo nilipoijaribu mashine kwa vigingi viwili uani kwetu, namba zikakataa kulingana. Nikarudia mara tatu. Mstari unainama, na kadiri unavyokwenda mbali unazidi kushuka. Mwisho wa tuta uko chini kwa shibiri nzima, na mwisho huo uko nyuma ya nyumba yako. Mama analala pale. Na wewe tumekulaza pale pale, kwenye migomba.

Tangu asubuhi mawingu yameziba milima ya Rungwe, na mvua ikinyesha kule juu, mto hauji huku kwa kupiga hodi. Sijala kitu. Leo asubuhi mwenyekiti wa kijiji alinisifu mbele za watu, nami kosa tayari nalijua. Kisha likanijia wazo baya: ninyamaze. Mto ukipita, wote watalaumu mvua. Hilo limenitisha kuliko maji yenyewe.

Sitanyamaza, nakuahidi. Nikishaikunja barua hii naenda kwa mama, ahamie kwetu leo hii, halafu kwa mwenyekiti, awarudishe watu na majembe. Watanitukana. Watakutaja na wewe, kwamba huyu ndiye uliyemfundisha. Hilo nisamehe. Pengine hakuna atakayeniita tena kupima hata msingi wa banda la kuku.

Pumzika, tata. Ngurumo nimeisikia sasa hivi. Nakwenda.