Jina Langu Silikodishi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshona sketi za shule mpaka mgongo umegoma. Mvua, na mguu wa polio unavuta. Mchana nilikwenda ofisi ya kata kusoma ubao. Redio haikudanganya: halmashauri inapokea maombi ya mikopo isiyo na riba, na sisi wenye ulemavu tumo. Kikundi tumekisajili. Mimi, Zainabu asiyesikia, mkataji wetu, na Kulwa asiyeona, anayefuma masweta. Katiba ipo, akaunti ipo. Bado andiko la mradi. Tunataka cherehani za umeme na mashine ya kufuma. Kuomba na kuombaomba ni vitu viwili.

Jumatano, 5 Machi
Lubinza kaja kibandani ninakoshonea. Ndiye mnunuzi mkubwa wa mpunga hapa Majimoto. Anataka trekta kwa mkopo huu.
"Kabula, wewe weka jina tu. Watu kama nyie mnapewa haraka. Mengine niachie mimi."
Yaani trekta lake, mguu wangu. Nikamwambia jina langu silikodishi. Akacheka. Mpaka sasa nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Kaka Masanja alisubiri nimalize kula. Naishi kwake tangu mama afariki. Lubinza kamtisha: dada yako akikataa, mpunga wako sinunui.
"Kubali tu, dada. Tutauza wapi?"
Namwelewa, ndiyo maana inauma. Ana watoto. Bado sikubali.

Jumamosi, 8 Machi
Nimehamia kibandani. Godoro limeenea chini ya meza ya kukatia. Wifi kalia. Kaka hakutoka ndani.

Jumatatu, 10 Machi
Andiko limekwisha. Kulwa alitaja, mimi nikaandika, Zainabu akasahihisha. Afisa maendeleo wa kata katuingiza kwenye mfumo. Kitambulisho changu kiligoma: waliokitoa waliniandika Kabura. Basi niwe Kabura kwenye mfumo. Maombi yamekwenda.

Alhamisi, 27 Machi
Wamekuja watu wa halmashauri kuona kama kikundi kipo kweli. Kabla hawajakaa, Lubinza kaingia na kiti chake. Eti mlezi wa kikundi. Anaongea, wanaandika. Zainabu anamtazama midomo, kakunja uso.
Nikasimama. 
"Huyu si wa kikundi chetu. Alitaka trekta kwa jina langu, nikamkatalia. Atoke ndipo tuendelee."
Mkubwa wao akaweka kalamu chini. "Mzee, tupishe."
Katoka, kiti kakiacha. Kulwa kajibu maswali yote huku anafuma. Wauza dagaa walikuwa wamesimama barabarani wanasikiliza. Wasikilize.

Jumanne, 20 Mei
Majibu. Cherehani mbili zimepita. Mashine ya kufuma hapana. Kulwa kasema sawa, lakini nimeona mikono yake ilivyosimama. Dirisha la maombi likifunguliwa tena, tutaomba tena. Nimemwahidi.

Jumapili, 25 Mei
Kaka amekuja baada ya ibada. Mara ya kwanza tangu nihame. Alikaa kizingitini.
"Lubinza hakununua. Tumekodi lori na majirani, tumepeleka wenyewe Mpanda."
"Mmeuza?"
"Tumeuza."
Hakuomba radhi, sikumdai. Akasema nirudi nyumbani. Nikamwambia nitakuja kula, kulala nalala hapa. Akautazama mlango unavyolegea, akaomba nyundo. Amekaza bawaba mpaka jua limezama. Mimi nimeshona.