Daktari Gani Hana Mkasi?

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana mimi kuongea mbele ya watu siwezi, hata barua hii nimeiandika nikairarua nikaandika tena. Niko kidato cha tatu, kwetu ni Kianjokoma, na nilikuwa nataka kuwa daktari kama shangazi Rwamba, yule anaingiza waya mwembamba kwa mshipa akiangalia kwa skrini, anazibua palipoziba bila kupasua mtu, na tena anafanya utafiti, lakini akija nyumbani anko Runji anamwita mpiga picha, anasema, "Daktari gani hana mkasi? Na miaka arobaini bado anatafiti! Si angemaliza shule kama wengine?" na watu wote wanacheka, hata mimi nilicheka, na shangazi aliniona. Sasa kidonda cha kisukari cha cucu, yaani nyanya yangu, kimekataa kupona na hospitali wamesema mguu ukatwe, shangazi akapiga simu akasema kwanza mishipa iangaliwe, pengine inazibulika, anko akamjibu, "Tunataka daktari, si studio," na Jumamosi familia inakutana kukubali ukatwe, na cucu hajui habari ya waya kwa sababu anasikia Kiembu pekee na hakuna mtu amemtafsiria. Swali langu: niachane na hiyo kazi nichague uhasibu, ndio nisichekwe?

Mwenye Haya, Embu

Mwenye Haya,

Umeniuliza habari ya uhasibu, mguu wa nyanya yako ukautupa pembeni kama ganda la ndizi! Pole kwa kuchekwa. Pole zaidi kwa cucu, ambaye kila mtu ameamua juu ya mguu wake isipokuwa yeye.

Anko wako namjua, kila boma linaye: hajawahi kushika hata sindano, lakini daktari wa kweli anamtambua kwa mkasi. Utafiti si kurudia darasa, mtoto. Ni kuuliza kama mguu uliokatwa jana ungeweza kubaki.

Na wewe usiyeweza kuongea mbele ya watu, ulidhani kazi ya skrini ni ya kujificha? Mgonjwa wa shangazi yako mara nyingi huwa macho waya ukiingia, na ana maswali. Nani atamjibu, skrini?

Usingoje Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa, keti na cucu jikoni, umwambie kwa Kiembu yote aliyosema shangazi, hata kwamba huenda mishipa isizibuke na mguu ukatwe vilevile. Usimpambie. Kisha mpigie shangazi, umwombe msamaha kwa kile kicheko, umpe cucu simu. Kidonda kikianza kunuka au homa ikipanda, ni hospitali siku hiyohiyo, mkutano ungoje.

Jumamosi anko akicheka, mwache acheke. Mwenye mguu atakuwa ameshasema.