Kwa Sudi, Uliyemzika Mkeo Akiwa Hai

Sudi mjukuu wangu,

Huna haya. Nimetafuta neno jema zaidi la kuanzia, sikulipata. Siku zote nakuita mume wangu, watu wanacheka. Leo utani nimeuweka pembeni mpaka nione utakachofanya. Mwanaume ana mke anayepumua, anayemfulia kanzu na kumtunzia mji, anakwenda Nyakatuntu kuwaambia watu kwamba mke huyo amekufa! Nani alimwosha? Nani alichimba?

Barua hii sikuifunga, na sikusahau. Mchukuzi akitaka kuisoma njiani na asome, na wachukuzi wenzako huko Bukoba wasome. Uongo uliusema mbele ya watu, basi na jibu lake lipite mbele ya watu. Herufi zangu zimepinda. Nilizipata uani kwa baba, nikichungulia kaka zangu wakifundishwa, lakini kwa kukusema wewe zinatosha.

Sikia ilivyokuwa. Mvua zilipoanza, senene walishuka wengi. Mkeo Mwajuma alikuwa uani anawanyonyoa mabawa, wa kwako hao, akukaushie ukirudi uwakute. Akaingia binti mmoja, amejipaka mafuta, mkononi kifurushi kimefungwa kwa majani ya mgomba. Akapiga magoti, akaniamkia vizuri. Mwajuma akainuka kumpa maji.

"Nimetoka Nyakatuntu, waitu bibi," binti akasema. "Dada yangu Kokugonza amemvunia mumewe senene. Amenituma niwalete hapa kwao, yeye ni mzito, njia haiwezi."

"Mumewe nani?"

"Sudi. Mjukuu wako." Kisha akainamisha kichwa. "Na poleni sana na msiba. Mama amesema nisisahau kuwapa pole ya yule mke wa shemeji."

Mwajuma alikuwa bado ameshika kata ya maji. Akamwuliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya chumvi, "Alikufa kwa nini?"

"Homa. Shemeji alisema hakuteseka."

"Afadhali," Mwajuma akasema. "Maana mimi mwenyewe sikumbuki kuteseka."

Yule mtoto alimtazama, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa mkono. Hakula, hakukaa. Alishika njia analia kama yeye ndiye aliyedanganya.

Ulifikiriaje, Sudi? Umekulia hapa Bugene. Unajua mwanamke wa huku akishaolewa, msimu wa senene ukifika atavuna ampelekee mumewe, na mumewe atamvisha nguo mpya. Ulidhani Kokugonza atakaa kimya kwa kuwa wewe umejificha? Binti wa watu amefanya adabu ya mke, mchana kweupe, kwa kuwa hana alichoficha. Sijamkosea neno, na sitamkosea.

Nikatuma salamu kwako kwa wachukuzi wa ngozi, kukuuliza kama ni kweli. Nawe ukanijibu kwa kinywa cha mnyapara wao: "Mwambieni bibi, si yeye aliyenifundisha kwamba ya nyumba hii yasifike nyumba ile?"

Hapo uliniumiza. Umechukua malezi yangu ukayafanya shuka la kujifunika. Basi nikukumbushe nilichokufundisha, maana ulikuwepo.

Mama yako alikuwa amekwisha kutangulia, ukawa mtoto wa nyumba mbili, yangu na ya mke mwenzangu Zaina. Ulilala popote usingizi ulipokukamata. Siku moja ulikuja mbio, kifua kinapanda na kushuka: "Bibi, bibi, babu analia kwa bibi mdogo!" Nikakupiga kofi la mdomo. Kisha nikakupa ndizi ya kuchoma, nikakuambia, "Ya kule yaache kule. Akitaka nijue, ana miguu, atakuja." Hakuja. Mpaka leo sijui babu yako alililia nini. Usidhani haikunikera. Hata wakati wa sotoka, ng'ombe walipokwisha na mimi na Zaina tukawa tunapika chungu kimoja, tumekaa goti kwa goti tunapepeta ulezi, nilitaka kumwuliza, nikaacha. Zaina amekufa na jibu. Lilikuwa lake.

Lakini siku babu yako alipotaka kumwoa huyo Zaina, alikuja kwangu kwanza. Alikaa chini kwenye nyasi, mtu mzima yule, akasema, "Nataka kuoa." Nikamwambia, "Nani amekushika mguu?" Nikamrushia mwiko. Nikasusa kupika, akawa anakula kwa majirani na aibu yake usoni. Alivumilia. Hakusema nimekufa. Hakusema ni kichaa. Na Zaina alipofika mlangoni kwangu alijua anakuja kwenye mji wenye mwenyewe. "Shikamoo, dada," akasema. Nilichelewa kuitikia, lakini niliitikia.

Umenielewa sasa? Mimi siri za Zaina sikuzijua, lakini nyumba yake niliiona kila nilipofungua mlango. Wewe umeficha nyumba nzima, na mtu ndani yake, na mtoto tumboni mwake.

Mwajuma anataka aambiwe yote. Ulimwoa Kokugonza lini, ulimpa nini, unamwitaje mkiwa wawili. Nimemwambia hayo hatayapata kwangu, na kwako asiyatafute. Akanijia juu: "Bibi, unamtetea mjukuu wako!" Nikamjibu, "Nakutetea wewe. Kesho utakuwa na la kwako ambalo hutaki lisikike Nyakatuntu." Akasema, "Mimi ni maiti, bibi, maiti hana la kwake."

Kisimani wanawake wameanza kumtania. "Marehemu, sogeza mtungi wako." Siku ya kwanza alicheka pamoja nao. Siku hizi anakwenda jua likiwa kali, wenzake wakiwa wamerudi. Ananipashia maji ya kuoga kama kawaida, ananisugua mgongo. Nami nalisikia lile neno pole likinizunguka humu ndani, nikimtazama mtoto huyu niliyemchagua mwenyewe, nikamtolea maneno kwa wazazi wake kwamba kwetu atakaa salama.

Ameshafunga mkeka wake. Kaka yake atatoka Nyabiyonza kuja kumchukua. Lakini Mwajuma amekubali kukungoja, na amekubali kwa ajili yangu, usijisifu. Mengine aliyoniambia chumbani kwangu siandiki. Ni yake.

Mimi nimezeeka. Nakukumbuka ulivyokuwa ukilala na mkono wako mmoja umeshika ushungi wangu, ukiogopa nisiondoke. Bado nakupenda, na ndiyo maana nakusema. Asiyekupenda angenyamaza, amwache Mwajuma aende, wewe uendelee kuzika watu.

Sasa fanya hivi. Weka mizigo chini, uondoke Bukoba. Usije Bugene kwanza. Nenda Nyakatuntu, usimame mbele ya baba mkwe na mama mkwe wako, Kokugonza akiwepo, useme kwa mdomo wako: "Niliwadanganya. Mke wangu yu hai, anaitwa Mwajuma." Kokugonza amekwisha kuambiwa na mdogo wake, lakini hilo ni lako kulisema. Akikufukuza, toka bila kujibu. Akikubakiza, mwulize lipi hataki livuke mlango wake, nawe ulishike mpaka kaburini. Kisha uje hapa, umwambie Mwajuma kwamba mwenzake yupo, jina lake, mimba yake, na siku zipi utakuwa kule. Hayo ni haki yake. Akiuliza zaidi, nyamaza, hata akikupiga. Na akisema anakwenda kwao, umbebee mkeka wewe mwenyewe, mchana, watu wakiona, mpaka uani kwa baba yake.

Usimtume mtu. Nenda.

Ni mimi bibi yako, mama wa mama yako.